Ufa Nilioziba kwa Bi Zuhura

Kabla sijawaambia lolote la maana, vijana, nianze kwa kuwalaumu wahenga. Walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno matamu, yanapendeza kwenye kalenda na kwenye ofisi ya chifu. Lakini mhenga aliyeyasema hakuwahi kupanga chumba Mukuru kwa Njenga, hatua chache kutoka Mto Ngong, wakati masika yameamua kufanya kazi bila mapumziko. Mimi niliziba ufa, nikauziba vizuri, na nusura nimuue mama wa watu.

Nitafika huko. Mzee akianza kusimulia hakimbizwi.

Jina langu ni Kyalo. Nilikuwa fundi seremala Eastlands tangu siku ambazo msumari uliopinda haukutupwa, uligongwa ukanyooka ukarudi kazini. Nimestaafu na vidole tisa na nusu. Hiyo nusu haihusiani na mafuriko, kwa hiyo msiniulize. Ninawaandikia ninyi mlioingia kazi hii juzi, mnaopima ukuta kwa kamashine kenye mwanga mwekundu, kwa sababu naona mnajenga tena pale pale kando ya mto, na mnazitia nyumba saruji chini mpaka hazina pa kupumulia. Nikiona hivyo jino langu la mwisho linaniuma.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Mukuru ilikuwa ya mabati makuukuu, mbao za masanduku na madebe yaliyokunjuliwa yakapigwa nyundo. Watu walikuja kutafuta kibarua viwandani, wakajenga penye nafasi, na penye nafasi palikuwa ni pale ambapo mto ulishajiwekea. Kila masika mto ulikuja kukagua mali yake. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ilikuwa kuinua vitu.

Kitanda, kwa mfano. Unachukua mikebe minne ya rangi, ile mikubwa, unaijaza zege, unasimamisha miguu ya kitanda humo kabla zege haijashika. Ikikauka, kitanda kimepanda, na miguu yake haiozi hata ikisimama majini siku tatu. Ni kazi rahisi sana, na mara ya kwanza niliiharibu. Mwenye kitanda alikuwa bawabu wa usiku kiwandani, analala mchana. Nilimwambia asikiguse mpaka kesho. Alikuwa amechoka, akakilalia mara tu nilipotoka mlangoni, tena upande mmoja. Zege ikakauka vile vile, kitanda kimeinama kuelekea ukutani. Alikataa nisikivunje, akasema kinampendeza. Kila usiku wa mapumziko yeye na mkewe waliviringika wakakutana upande ule ule. Walipata watoto saba, na mimi mpaka leo sijadai sifa yoyote.

Mengine wenye nyumba waliyajua kabla yangu. Vyeti vya kuzaliwa na kitambulisho vilikaa katika kopo la biskuti lililofungwa kwa waya kwenye boriti. Unga ulining'inia juu. Viatu vilining'inia juu. Jirani yangu Odera, aliyekuwa karani katika ofisi moja ya mjini, alikuwa na suti moja na jozi moja ya viatu vyeusi, na vyote viliishi juu kuliko yeye. Asubuhi ya mvua ungemwona ametoka na tai shingoni, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu mitupu kwenye tope, viatu kwapani vimefungwa kwa gazeti. Akifika kwenye lami ananawa miguu kwenye bomba, anavaa, anageuka kuwa karani. Jioni anavua, anageuka kuwa mtu wa Mukuru.

Na panya! Msidharau panya. Ukiwaona wanavuka kijia mchana, kwa mstari, bila kuwaogopa paka, acha ulichoshika uanze kuinua godoro. Panya wa Mukuru hakuwahi kunidanganya, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu redio.

Ufundi wenyewe nilifunzwa Kaloleni na Mzee Ndambuki, aliyetengeneza viti vya magari ya moshi mpaka reli na yeye wakachokana. Alifanyia kazi nyuma ya nyumba yake, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye ukumbi wa mtaa. Alikagua kazi kwa matusi.

"Wewe kijana, hii mlango yako imeachana na fremu. Ni mlango ama ni talaka?"

Somo lake la milango lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza: mlango mzuri ni ule ambao hata sisimizi akitaka kupita lazima abishe hodi. Ya pili: mbao ikinywa maji inanenepa, kwa hiyo uiachie nafasi ya kitambi. Mimi nilikariri ya kwanza. Ya pili nadhani aliisema nikiwa nimetumwa sigara zake.

Sasa tufike kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mzaliwa wa Mombasa, wa mtaa wa vibanda ulioko kando ya mkono wa bahari. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji huko kwao yaliingia nyumbani asubuhi na kutoka mchana kama mtu aliyeajiriwa. Mumewe, dereva wa lori, alimleta Nairobi, kisha akafariki, akamwachia chumba kimoja Mukuru na karai la kukaangia mahamri. Kila alfajiri aliyauza langoni mwa kiwanda. Mama yake mzazi, Bi Kibibi, alikuja kutoka Mombasa kuuguzwa. Alikuwa amevunjika nyonga, ikaunga vibaya, akawa hawezi kutembea kabisa. Kutoka asubuhi hadi jioni alikaa kitandani, akivuta uradi, akila mahamri yaliyoungua, na kutoa maoni kuhusu kila aliyepita mlangoni.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabla ya mto. Chini ilikuwa na ukuta wa mawe na udongo hadi kiunoni, juu mabati. Mbele ilitazama kijia, nyuma ilitazama mto, na ardhi iliteremka kutoka mbele kwenda nyuma. Kumbukeni huo mteremko. Mimi sikuukumbuka.

Aliniita wiki chache kabla ya mvua.

"Fundi, nataka mambo matatu," alisema. "Kitanda cha mama kiinuliwe. Uchaga juu ya meko, niweke unga na nazi. Na ule ufa wa nyuma, chini pale ukutani, niongezee."

"Niuzibe?"

"Niongezee, nimesema. Utanuke, ndoo ipite. Kisha uutie kibati cha kufunika, nikitaka nakiinua."

Nilicheka mpaka nikashika fremu. "Bi Zuhura, unataka kuufungulia mto mlango?"

"Maji hayaji na barua, fundi. Yataingia tu. Maji ni mgeni. Kwetu twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa mimi mgeni wangu nimempa jembe, atokee wapi?"

Kutoka kitandani Bi Kibibi alisema, bila hata kunitazama, "Mwache acheke. Mtu wa bara maji huyaonea ndooni."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikotoka mimi, upande wa Machakos, maji hubebwa na punda kutoka mbali, na punda anaheshimiwa kuliko diwani. Kwetu ufa kwenye tangi ni msiba, watu wanakuja kukupa pole. Mtu aniambie nitoboe nyumba ili maji yatoke? Ni kama kuniambia nimwage maziwa ya mtoto. Akili yangu yote ilikuwa ya mtu wa nchi kavu, na nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeshawatengenezea watu vitanda vingi, kimoja tu kimepinda. Nikaamua kwamba mama huyu hajui anachotaka.

Kitanda nilikiinua, juu ya mikebe minne, zege safi, na safari hii nilimshikilia Bi Kibibi kwenye kiti mpaka ikakauka. Uchaga niliutengeneza kwa fito alivyonielekeza, na sijawahi kuona rafu nzuri kuliko ile kwa jikoni penye unyevu, kwa kuwa hewa inapita chini na juu. Kisha siku ya tatu, Bi Zuhura akiwa langoni na mahamri yake, nikachukua mawe na saruji iliyobaki kazi nyingine, nikauziba ufa. Niliuziba ndani, nikauziba nje. Mbele, pale mlangoni, nikajenga kizingiti cha kufika gotini. Nikang'oa mlango wake uliolegea, nikauranda, nikaurudisha ukiwa umebana hivi kwamba sisimizi angebisha hodi na asifunguliwe. Vyote hivyo kama zawadi.

Aliporudi aliuruka ukuta wa mlangoni akiwa na karai kichwani. Akaenda nyuma akatazama.

"Fundi. Nilikuomba tundu."

"Nimekupa ngome, Bi Zuhura."

"Na yakiingia, yatatokea wapi?"

"Hayataingia."

Hakupandisha sauti. "Bomoa," alisema.

Nilimwambia saruji bado mbichi, nikigonga sasa ukuta wote utalala, asubiri wiki mbili. Huo ulikuwa uongo. Saruji mbichi ndiyo rahisi kubomoa, mtoto wa shule angeitoa kwa kijiko. Nilitaka tu mvua inyeshe kwanza aone nilivyo hodari. Nimesema uongo mwingi kwa wateja, hasa kuhusu siku kazi itakapokwisha, lakini huo ndio pekee ninaoujutia.

Mvua haikusubiri wiki mbili.

Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa imenyesha tangu jana yake, sasa imetulia kidogo, na Bi Zuhura aliona nafasi akaenda Kariobangi sokoni kutafuta nazi. Mimi nilikuwa kwa Odera, nyumba ya nne kutoka kwake, nikimwongezea ndoano za suti. Odera alikuwa likizo, amekaa kwenye kigoda, ananishauri. Kila karani ana ushauri wa seremala.

Panya wakapita. Mmoja, watatu, halafu sikuhesabu tena. Kabla sijasema kitu, tukasikia sufuria zinagongwa upande wa juu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kengele yetu: watu wa juu wakiona maji wanagonga sufuria, wa katikati wanapokea, mpaka inafika kwetu wa chini.

"Fundi, hii maji imekuja kabisa," Odera alisema, na papo hapo akapanda juu ya kitanda na suti yake mkononi.

Mimi nilitoka nje nikatazama mto. Mto ulikuwa umejaa, ndiyo, mwekundu na wa povu, lakini ulikuwa bado ndani ya kingo zake. Nikatabasamu. Ngome yangu ilikuwa imejengwa kuutazama mto. Nikasimama pale nikiusubiri uje ujaribu, na maji yakanipiga kwa nyuma, miguuni, yakitokea kwenye kijia.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mafuriko ya Mukuru hayatoki mtoni. Yanaenda mtoni. Yanatoka juu, barabarani, kwenye mapaa ya viwanda, kwenye mitaro iliyozibwa na takataka, yanashuka kwa njia ile ile wanayoshukia watu, yanatafuta pa kuteremkia. Na nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa imesimama katikati ya njia hiyo. Miaka yote yalipita humo ndani, yakamlowesha sakafu, yakatokea kwenye ufa wa nyuma yakaenda zake. Alikuwa na njia ya maji, mimi nikaigeuza karai.

Nilipofika mlangoni maji ya kijia yalikuwa yamepita kizingiti changu, yakiingia kwa juu yake na kwenye kila nafasi kati ya mawe na mabati. Nilisukuma mlango. Mlango ulikuwa umekunywa maji tangu jana, umenenepa, umeshika fremu kama mdaiwa aliyeona mlango wa korti. Nikaupiga bega. Nikaupiga teke. Mzee Ndambuki angejivunia ile kazi, haikutikisika hata kidogo.

"Bi Kibibi!"

"Naam."

"Maji yamefika wapi huko?"

"Yamegusa godoro." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma bei za sokoni. "Nani wewe?"

"Fundi Kyalo, bibi."

"Ndiwe uliyeziba ule ufa?"

Niwaambie ukweli, nilitamani kusema hapana. "Ndimi, bibi."

"Basi uzibue, mwanangu. Maji yataka kwenda zake, na mimi sina miguu ya kuyaonyesha njia."

Nilikimbia. Nilikimbia nikianguka na kuinuka mpaka chumbani kwangu, nikachukua mtaimbo, nikazunguka nyuma ya nyumba ambako ardhi inateremka na maji yalikuwa ya kifundo cha mguu tu. Fikirini hilo: mimi nje nimesimama kwenye maji ya kuoshea miguu, na upande wa pili wa ukuta, mkono mmoja kutoka kwangu, mama mzee anakaribia kuzama. Odera alikuja na nyundo ya kuvunjia makaa. Nikapiga pale penye ufa wa zamani. Ile saruji niliyosema ni mbichi ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Nilipiga nikilia, siwafichi, nililia kwa sauti na kuiita saruji yangu majina ambayo Mzee Ndambuki mwenyewe hakuyajua. Sauti ya uradi ilikuwa ikisikika ndani, kisha ikakoma.

"Bibi!"

Nikapiga tena na jiwe la kwanza likaingia ndani. La pili. Halafu ukuta ukanirudishia yote kwa mara moja. Maji yalitoka kwa kishindo, yakanilaza chali, yakanipitia juu na karai la mahamri, ndala, vifuu vya nazi, ungo, na kigoda. Nilipoinuka tundu lilikuwa kubwa kiasi cha kuniruhusu nipenye. Niliingia kwa tumbo.

Bi Kibibi alikuwa amekaa kitandani, maji yanashuka kutoka kiunoni mwake, tasbihi imeviringwa mkononi, na kwenye mapaja amekumbatia jiko la mafuta ya taa ili lisilowe. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa baridi.

"Kwa nini hukunijibu?" nilimpigia kelele, kana kwamba kosa ni lake.

"Nilikuwa nashahadia, nikijiandaa kufa," alisema. "Mtu hakatizwi."

Nilimbeba mgongoni kupitia kwenye lile tundu, Odera akimvuta kwa mabega kwa upole, na jiko hakuliachia. Mikebe minne ya zege haikuwa imesogea hata unywele. Nataka hilo lijulikane pia. Njiani kuelekea kwa Odera, kidevu chake kikiwa begani mwangu, aliniambia sikioni, "Una mgongo mzuri, mwanangu. Akili tutakutafutia."

Bi Zuhura alirudi mbio, sketi imelowa mpaka kiunoni, kikapu cha nazi kiko kichwani bado. Aliona nyuma ya nyumba kwanza. Aliona vitu vyake vimetapakaa mpaka mtoni na asione mtu. Sauti aliyoitoa sitaisahau na sitaki kuieleza. Odera akamwita, akaja, akamkuta mama yake amevalishwa lile koti la suti, anakunywa chai. Aliketi chini pale pale kwenye tope akalia. Mimi nilisimama kando na mtaimbo wangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nimeona nyingi.

Alipomaliza alijifuta uso kwa leso, akanitazama.

"Nilikuomba nini, fundi?"

"Tundu."

"Limefika," alisema, akaenda kuokota karai lake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda bila kuitwa. Nikabomoa kizingiti. Nikaranda mlango mpaka ukapata nafasi ya kitambi. Lile tundu nikalinyoosha kingo, nikalitia kibati, na kwa bawaba nikatumia vipande vya mpira wa gurudumu, maana vya chuma vinashika kutu vinagoma siku ile ile unayovihitaji. Ndani nikaweka waya wa kuzuia panya. Yeye alisimama kando akinielekeza, hapa chini zaidi, hapa pana zaidi, nami nikafuata kama mtoto anayefundishwa alifu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa namna nyingine. Odera alikuwa na mdomo. Na alichokiona Odera kwa macho yake ni fundi anavunja ukuta na kumtoa ajuza kwenye maji. Akakieleza hivyo kwenye kijia, kwenye bomba, kwenye kilabu cha pombe. Ndani ya wiki moja nilikuwa shujaa. Watu wakaanza kuja.

"Niaje, fundi. Sisi pia tunataka hiyo tundu ya Kyalo."

Tundu la Kyalo! Ndivyo lilivyoitwa, Mukuru nzima. Nililitoboa kwenye nyumba nyingi sana, na nilikubali kila shukrani. Nilijifunza kufanya vizuri, hilo sikatai. Kabla ya kushika mtaimbo mwaga debe la maji sakafuni, ukae chini uyafuate kwa macho. Pale yatakapokwenda ndipo pa kutoboa, hata kama mwenye nyumba ameweka kabati hapo, hata kama kichwa chako kinakwambia vingine. Usitazame mto. Tazama mteremko. Na muulize mama mwenye nyumba maji yalipita wapi mwaka jana, kisha ufunge mdomo mpaka amalize. Mzee Ndambuki alipokuja kuliona moja aliinama, akatia mkono, akasema, "Hii ni ufundi ya mtu mwingine." Nikamwambia macho yake yamezeeka.

Bi Kibibi aliishi miaka mingine kadhaa, na mafuriko mengine kadhaa yalipita chini ya kitanda chake yakamwacha mkavu, akiyatazama na kuyatolea maoni. Alifariki kiangazi, usingizini, wakati mto umebaki kama kamba ya kiatu. Mimi nilitengeneza jeneza la kubebea, lile la kurudishwa msikitini, na sikukubali kulipwa.

Matangani, watu wamekaa kwenye mikeka, Odera alisimama kusema neno. Alisema mengi mazuri juu ya marehemu, kisha akanionyesha kidole. "Na tusisahau, huyu mama tulikaa naye hii miaka yote kwa sababu ya huyu fundi wetu. Yeye ndiye alivunja ukuta!" Watu wakaitikia. Mzee mmoja akanishika mkono. Bi Zuhura alikuwa amekaa na wanawake upande wa pili, uso umefunikwa nusu kwa buibui. Akaniinulia macho mara moja, akayashusha. Nikaisukuma kando sahani yangu ya wali.

Baada ya arobaini nilimwendea. Alikuwa anakaanga, amechutama mbele ya karai lile lile, lenye pengo ukingoni tangu siku ile.

"Bi Zuhura," nikasema, "kwa nini hukuwaambia watu?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ukuta niliouvunja ni mimi niliujenga. Kwamba tundu ni lako."

Aligeuza hamri moja, akangoja livimbe, akaligeuza tena.

"Nilitaka kusema," alijibu. "Siku ile ile nilitaka kutoka nje nikutangaze mpaka Kariobangi. Mama akanikataza. Akaniambia, ukimwaibisha atahama, na masika yaja. Fundi mzuri yuko Westlands, mwanangu, maji yakija atafika kesho kutwa. Huyu wetu ni fundi mbovu, lakini yuko karibu."

Kisha akaliopoa lile hamri, akalifuta mafuta, akanipa.